Volti 1000 za Uongo

Ingia duka la vifaa vya stima, kuanzia Ikonge hadi mjini Kisii, uombe multimita ya bei nafuu. Utaletewa kidude cha manjano kwa shilingi mia tano hivi, chepesi mkononi, na usoni pake kumeandikwa volti 1000. Namba hiyo ni ya uongo. Mwenye duka hajui kwamba ni ya uongo, aliyemuuzia kwa jumla Nairobi hajali, na aliyeichapa kiwandani hajawahi kutuona wala hatatuona. Lakini sisi wa Magwagwa, hapa Nyamira, tunainunua, tunaitia kwenye mkoba pamoja na koleo na bisibisi, tunaipeleka hadi kwenye boksi la mita la jirani huku mawingu yakitanda upande wa Kericho, na tukiishika tunajiona mafundi waliokamilika.

Tatizo linaanzia kwenye namna tunavyochagua. Mteja anauliza, inapima nini? Muuzaji anazungusha swichi kwa madaha: volti, ampea, ohmu, dayodi, transista. Kuna tundu la kupima transista! Fundi anayefunga soketi na taa za nyumba ya vyumba vitatu atapima transista ya nani? Swali linalopaswa kutangulia mengine yote halijaulizwa: siku nitakapokosea, kidude hiki kitanifanya nini?

Maana utakosea. Fundi hukosea kwa sababu amechoka, kwa sababu ni saa kumi na mbili jioni na mwenye nyumba amesimama mlangoni akitaka taarifa ya habari ya saa moja, kwa sababu simu inaita mfukoni. Mita nzuri imetengenezwa na watu wanaolijua jambo hilo. Hii ya mia tano imetengenezwa na watu walioamua kwamba kosa lako ni shauri lako.

Fungua yako leo kama unadhani natia chumvi. Ondoa parafujo mbili za nyuma, mfuniko utatoka. Ndani kuna betri ya volti 9, bamba lenye mistari ya shaba iliyokaribiana, na doa jeusi la gundi lililofunika chipu. Tafuta fyuzi. Ukiipata, ni kijibomba cha kioo chenye kawaya kembamba, na kwenye kofia yake imechongwa volti 250. Soma tena polepole: nje volti 1000, ndani volti 250. Sasa fuata tundu la ampea 10. Kutoka hapo kuna kipande cha waya mnene uliopindwa, kinachokwenda moja kwa moja hadi kwenye tundu la waya mweusi. Hakuna fyuzi katikati. Hakuna chochote katikati. Na mtengenezaji wala hakuficha: kando ya tundu hilo mara nyingi amechapa, kwa herufi ndogo za Kiingereza, kwamba halina fyuzi. Amekiri kosa usoni mwa bidhaa na bado tumelipa.

Sikia sasa ajali inavyotokea, maana haihitaji mjinga. Asubuhi kijana ameitwa na mwenye bodaboda kupima kama betri inachajiwa, kwa hiyo waya mwekundu ameuhamishia tundu la ampea 10. Alasiri anaitwa nyumba ambayo soketi zimekufa. Anazungusha swichi hadi volti, anasahau kuurudisha waya mahali pake, anatumbukiza ncha mbili. Swichi haiwezi kumwokoa, kwa sababu tundu ndilo linaloamua umeme upite wapi. Alichofanya ni kuunganisha laivu na nyutro kwa kipande cha chuma, akiwa amekishika.

Kwenye soketi, breka ya nyumba huenda ikaruka, ikiwa ni breka ya kweli. Lakini akiwa anapima juu ya breka, kwenye nyaya zinazotoka nguzoni, hakuna cha kuruka isipokuwa fyuzi ya kampuni ya stima huko juu, na hiyo ina subira kubwa. Chukua transfoma ya kVA 50. Kwa volti 415, ikibeba mzigo wake wote, inatoa ampea 70 hivi kwa kila fezi. Ukipiga shoti miguuni pake, na tuseme kizuizi chake cha ndani ni asilimia 4, ambacho si kigeni kwa transfoma za ukubwa huo, inamwaga ampea kama 1,700. Ukienda mbali na nguzo, urefu wa waya unapunguza, sawa. Lakini fyuzi ndogo ya kioo, kwa kiwango cha kimataifa cha fyuzi hizo, imehakikishiwa kukata ampea 35 tu. Kupita hapo kioo kinapasuka, mvuke wa chuma unaendelea kupitisha umeme, na cheche ikishashika kwenye mvuke huo haizimiki kwa kuombewa. Na tundu lisilo na fyuzi kabisa? Hapo fyuzi ni zile nyaya mbili nyembamba ulizozizungusha kwenye vidole.

Fyuzi ya mita ya kweli haifanani na hiyo hata kidogo. Ile ya upande wa ampea huwa na kipenyo cha milimita 10 na urefu wa milimita 38, ganda lake ni kauri, na tumbo lake limejaa mchanga. Waya wa ndani ukiyeyuka, mchanga unayeyuka nao, unageuka kioo na kuimeza cheche. Imeandikwa volti 600 au 1000, na inaweza kukata ampea 10,000 au zaidi. Fyuzi moja ya namna hiyo huuzwa ghali kuliko multimita nzima ya manjano. Hapo ndipo unapojua urahisi wa ile nyingine umetoka wapi.

Na asinijie mtu na hoja kwamba kinga ni anasa ya kisasa. Donald Macadie, mhandisi wa posta ya Uingereza, alichoka kubeba kipimo cha volti, cha ampea na cha ohmu kila kimoja peke yake, na mwaka 1923 AVO yake, inayopima vyote vitatu, ikaingia sokoni. Model 8 iliyokuja miaka ya 1950, lile dubwana jeusi la mshale, ilikuwa na kitufe kilichoruka chenyewe mzigo ukizidi. Zaidi ya miaka 70 iliyopita waliwaza juu ya mkono wa fundi.

Kuna jambo moja linaloifanya Gusii kuwa mahali pabaya kuliko pengine kwa mchezo huu, nalo ni radi. Upepo wa Ziwa Victoria unapanda alasiri, unakutana na milima yetu, mawingu yanajijenga, na kuanzia hapa hadi Kakamega tunapigwa radi nyingi kuliko sehemu kubwa ya Kenya. Kila mtu Nyamira anajua darasa, mti au ng'ombe aliyepigwa. Lakini radi haihitaji kukupiga wewe. Ikigusa laini ya stima vilima vitatu kutoka hapa, mpigo wa maelfu ya volti unasafiri kwenye waya na kufika kwenye boksi ulilofungua kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Hapo ulipo huenda kuna jua tupu.

Alama za CAT zilizochapwa kando ya matundu ya mita zipo kwa ajili ya mpigo huo. CAT II ni kwa vifaa vinavyochomekwa kwenye soketi. CAT III ni kwa nyaya za jengo lenyewe na bodi ya breka. CAT IV ni pale stima inapoingilia: boksi la mita, waya wa kutoka nguzoni. Mita iliyopimwa kwa haki kuwa CAT III ya volti 600 imepigwa maabara kwa mpigo wa volti 6,000 ikabaki salama. CAT IV ya volti 600 imepigwa 8,000. Na hapa mafundi wengi wanadanganyika: wanaona CAT II ya volti 1000 wanadhani imeishinda CAT III ya 600. Zote zinapigwa volti 6,000 zilezile, ila CAT III inapigwa na chanzo chenye kizuizi cha ohmu 2 na CAT II chenye ohmu 12. Yaani ile ya namba ndogo imestahimili mkondo mara sita. Kwenye bodi ya breka, 600 inaishinda 1000. Namba kubwa ni ya kumvutia asiyejua.

Sasa hata viwanda vya uongo vimejifunza kuchapa CAT III. Wino ni rahisi. Kwa hiyo alama peke yake haitoshi. Tafuta karibu nayo muhuri wa maabara inayojitegemea, TÜV, UL, ETL au CSA, kisha ufungue mfuniko wa betri uone kama fyuzi inafanana na madai. Mita inayodai CAT III huku ndani ina kijibomba cha kioo cha volti 250 ni shahidi anayejipinga mwenyewe kortini. CE haitoshi hata kidogo. Hiyo mwenye kiwanda anajipa mwenyewe.

Niwape kisa cha Marekani kitakachowachekesha, kisha kiwakasirishe. Mwaka 2014, forodha ya huko ilizuia shehena ya multimita kama 2,000 za kampuni ya SparkFun ya Colorado. Kosa lilikuwa nini? Rangi. Kampuni ya Fluke inamiliki kisheria ule mwonekano wa uso wa rangi nyeusi wenye ukingo wa manjano. Fluke baadaye waliwapa SparkFun bure vifaa vyao halisi vyenye thamani kuizidi shehena hiyo ili kupoza mambo. Ona basi: serikali yenye nguvu kuliko zote iliamka kutetea rangi ya manjano. Fyuzi haikuwa na wakili. Sisi tuna KEBS, shirika la viwango, na alama yake kwa bidhaa za nje, tuna Sheria ya bidhaa bandia ya mwaka 2008 na mamlaka yake, na bado kidude kinachodai volti 1000 kikiwa na moyo wa volti 250 kinakaa rafuni mchana kweupe. Kama namba iliyochapwa usoni mwa bidhaa haiwezi kuaminika, kiwango kinalinda nini?

Lakini acha mita. Ubaya mkubwa zaidi umo kwenye nyaya zake, na nyaya hakuna anayezitazama. Mtu anaweza kununua mita nzuri, nyaya zake zikipotea au kung'atwa na panya, akachomeka zile za mia moja za barabarani. Hapo mita yake imeshuka hadhi hadi kuwa sawa na nyaya hizo. Kiwango cha kimataifa kimezitenga kwa makusudi: mita za mkononi zina sura yake, IEC 61010-2-033, na nyaya zina yake, IEC 61010-031. Nyaya ni kifaa kinachojitegemea, zina CAT zake zilizochapwa juu ya mpini, na mfumo mzima una daraja la kile kilicho dhaifu zaidi.

Zichukue nyaya za bei ya chini uzikague. Mpini umeandikwa volti 1000, ampea 20. Ukichuna waya, ndani kuna nyuzi chache ambazo ukiziweka karibu na sumaku wakati mwingine zinavutwa, maana ni chuma kilichopakwa shaba. Ampea 20 zitapita wapi? Plastiki yake ni ngumu. Asubuhi ya baridi ya Julai inakakamaa na kupasuka pale inapoingia kwenye mpini. Ikigusana na chuma cha kulehemu inayeyuka mara moja. Plagi yake ya nyuma ina shaba iliyo wazi, kwa hiyo ikichomoka kwenye mita wakati ncha ziko kwenye laivu, umeme umelala mezani ukikusubiri. Na ncha zenyewe! Chuma kitupu kirefu kupita kiasi. Ukiingiza mbili kwenye bodi iliyobanana, mteleko mmoja unaunganisha fezi na fezi. Mwongozo wa Uingereza kwa mafundi wa stima, unaoitwa GS38, unataka chuma kilicho wazi kisizidi milimita 4, na ikiwezekana milimita 2, vidole viwe na ukingo wa kuvizuia visiteleze, na nyaya ziwe na fyuzi zao ndani ya mpini. Sisi tunanunua kisha tunafunga kwa selotepu.

Nyaya bora ni za silikoni: laini hata kwenye baridi, haziungui upesi, zina kofia za kufunika ncha ibaki kidogo tu, na plagi iliyofunikwa pande zote. Kila asubuhi weka mita kwenye ohmu 200, gusanisha ncha, utikise waya karibu na plagi na karibu na mpini. Isome chini ya nusu ohmu na itulie. Ikirukaruka, waya umekatika kwa ndani, na huo ni wa kutupa. Si wa kufunga, si wa kumpa mdogo wako anayejifunza.

Nasisitiza kwa sababu waya uliokatika ndani unaua kwa njia ya kimya. Haupasuki wala kutoa moshi. Unasema sifuri. Fundi anatumbukiza ncha, kioo kinasema 000, anaamini stima imezimwa, anashika waya kwa mkono. Betri iliyochoka nayo inapotosha namba. Ndiyo maana nchi zinazohesabu vifo vya mafundi wake zinafundisha utaratibu mmoja: pima kwanza mahali unapojua pana stima, uone mita inaishi, pima pale unapotaka kufanya kazi, kisha rudi pale pa kwanza uhakikishe haikufa katikati. Vipimo vitatu, nusu dakika. Ni wangapi kati yetu wanafanya hivyo? Nimewatazama mafundi wakifanya kazi kuanzia Chabera hadi Kebirigo, na wengi hawana hata mita. Wana testa.

Testa! Bisibisi yenye taa ndogo ndani, ambayo ili iwake inapitisha mkondo kidogo kwenye mwili wako kwenda ardhini. Ukivaa gambuti, ukisimama juu ya meza kavu, inaweza isiwake. Kwenye jua la mchana inawaka usione. Nyutro ikikatika, matundu yote mawili yanaiwasha, na fundi anakuna kichwa. Testa haiwezi kukuambia kwamba nyutro ya laini imekatika na nyumba yako inapata volti 330 badala ya 240, ndiyo maana televisheni tatu za jirani zimeungua wiki moja. Multimita inakuambia kwa sekunde mbili. Kifaa hiki kinahitajika. Ndiyo sababu hasa ya mimi kukasirikia takataka inayouzwa kwa jina lake.

Tena multimita, hata ya maelfu, ina mipaka ambayo fundi wetu hajaelezwa. Anapima laivu na athi kwenye soketi, anasoma volti 110, anamwambia mama mwenye nyumba kwamba athi ipo ila hafifu. Mama analipa. Huenda athi haipo kabisa! Waya wa athi unaoning'inia bila kufungwa popote, ukilala sambamba na laivu ndani ya bomba refu, unaokota volti za kivuli, na mita ya dijiti inazisoma kwa sababu yenyewe haivuti karibu chochote. Mita yenye hali ya kizuizi kidogo, iliyoandikwa LoZ, inazimeza volti hizo na kukuonyesha ukweli. Halafu kujua kama chuma kilichopigwa ardhini kinafaa ni kazi ya kipimo kingine, na kujua kama ngozi ya waya imechoka ni kazi ya mega inayosukuma volti 500, si ya multimita yenye volti chache za betri. Ilhali ili nyumba ifungiwe mita ya stima lazima kuwe na cheti cha fundi mwenye leseni. Wanaokijaza wanajua, na wanaokipokea wanajua, ni mara ngapi namba zake zimezaliwa juu ya meza.

Watanijibu: wewe unaongea vya matajiri, sisi huku tunalipwa mia tatu kwa soketi. Ni kweli, na hilo nalo ni aibu ya wateja. Mtu anapata bonasi ya majani chai, ananunua spika zinazotikisa kijiji, kisha anamkata fundi shilingi hamsini. Lakini fundi huyohuyo ana simu ya elfu kumi na tano ya kuangalia video. Sikutumi ukanunue Fluke. Kuna mita za kati, za kampuni zinazochapisha jina lao na kulilinda, ambazo fundi akiweka akiba ya miezi michache anazifikia, na ambazo zitaishi miaka kumi wakati ile ya manjano anaibadilisha kila anapoiangusha. Wenye bodaboda wana sacco na wanakopeshana hadi pikipiki. Mama zetu wana vyama vya kununuliana sufuria. Mafundi wa stima wa Magwagwa wangechanga wakanunua mega moja na mita tatu za maana za kuazimana, lakini kila mmoja anamficha mwenzake mteja.

Wala sisemi utupe ya manjano. Betri ya pikipiki, taa za sola za volti 12, redio iliyokufa mezani: hapo inatosha, ukikumbuka kwamba hata betri ya pikipiki ukiipigia shoti kupitia tundu la ampea 10 itakuchoma. Kwenye inveta za bei nafuu itakusomea namba za ajabu, kwa sababu mita isiyo na alama ya True RMS inakisia kwamba kila stima ina wimbi laini kama la Kenya Power. Hayo ni madogo. Isivuke tu kutoka kwenye meza ya redio kwenda kwenye boksi la ukutani.

Na sasa wakubwa. Mwaka 2015 serikali ilizindua mradi wa Last Mile, ikapunguza gharama ya kuunganishwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, ikawavuta walio ndani ya mita 600 kutoka transfoma. Jambo jema, sikatai. Nyumba za udongo zikapata bodi zilizounganishwa tayari, na mara moja kila kijiji kikahitaji mafundi. Walitoka wapi? Walijifunza kwa kushika ngazi ya mwingine. Tunaishi juu ya mto Sondu, ambao huko chini unazungusha megawati 60 za Sondu Miriu na 21 za Sang'oro, na jina la Magwagwa lenyewe limekaa miaka mingi kwenye makaratasi ya serikali kama bwawa la kuzalisha stima. Kwa mabwawa kuna wahandisi, kuna mikopo ya kimataifa, kuna hotuba. Kwa kijana anayefungua boksi la mita kuna kidude cha mia tano.

Vyuo vya ufundi vinamfundisha mwanafunzi sheria ya Ohm ubaoni, kisha darasa zima linazunguka mita moja ya aina hiyohiyo, na hakuna aliyewahi kufunguliwa mfuniko aone fyuzi. Anafanya mtihani wa ufundi wa NITA, anafaulu, anaondoka akiamini volti 1000 ni volti 1000. EPRA, mamlaka ya nishati, inatoa leseni kwa madaraja, jambo zuri. Basi anayeomba leseni na alete mita yake mezani, pamoja na nyaya zake, zikaguliwe kama gari linavyokaguliwa. Na wanasiasa wanaogawa vifaa kila msimu wa kura, mashine za kulehemu hapa, mashine za kunyolea pale, picha gazetini: msituletee sanduku la vifaa vya stima lenye ile ya manjano ndani. Mkishindwa kununua mita za maana ishirini kwa wadi nzima, tuachieni nyaya za silikoni zenye fyuzi tu, na glovu.

Mwenye nyumba, wewe pia una sehemu. Fundi atakayekuja kwako wiki hii, kabla hajagusa boksi, mwambie akuonyeshe nyaya zake. Ukiona selotepu, mlipe nauli yake arudi, utafute mwingine, hata kama utalala gizani usiku mmoja. Ukiona nyaya nzuri na mita yenye fyuzi ya kauri, usimkate ile hamsini.